Sema Kabla ya Kunawa

Mama yangu, Kunigunda, hakuwa mtu wa kunong'ona. Akikohoa jikoni kwetu, kijijini Ruanda, aliyeko bondeni anajua kwamba Mama Lidia (Lidia ndiye mimi) amewasha moto. Alikuwa mnene, na unene wake aliufurahia. Alipoketi kanisani, benchi zima lilipata taarifa. Namtania kwa sababu nampenda, na kwa sababu jambo alilomfanyia Vitalia, binti wa kaka yake, linanifanya nimwonee fahari mpaka leo.

Vitalia ndiye aliyekuwa sauti ya kwaya yetu. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha magari yao hadi kwetu, na kila kwaya ikataka kutoa kaseti. Na sisi tukarekodi yetu. Siku ya kupiga picha ya jalada, mwalimu wa kwaya, Pankras, alitupanga mmoja mmoja kama anayepanga matofali. Vitalia alikuwa na mwili wa kwetu, mapaja na mabega ya kuchimba ngolo, yale mashimo tunayolimia kwenye miteremko. Pankras akamtazama, akasema, "Wewe Vitalia rudi nyuma, unajaza picha."

Watu wakacheka, na Vitalia naye akacheka. Kaseti ilipotoka, sauti ilikuwa yake toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kwenye picha hata sikio lake halikuonekana.

Kisha ikaingia Kwaresima, Vitalia akafunga. Sote tulifunga, lakini sisi tulikuwa tukiiwaza nyama ya Pasaka. Yeye alipitisha asubuhi na mchana bila kitu, na jioni aligusa ugali kwa ncha ya kidole. Wakaanza kumsifu. Kina mama wa jumuiya walisema mtoto huyu ana wito, ataingia utawani. Mjomba Urbani, baba yake, akatembea kifua mbele. Sisi Wakatoliki wa milimani, mtu akikataa chakula tunamwona mtakatifu kabla hatujamwona mgonjwa. Jambo hilo linaniudhi kupita kiasi.

Pasaka ikafika, mbuzi akachinjwa, Vitalia hakula. Alisema bado anatimiza nia yake. Kahawa ikaanza kuiva, bado anatimiza. Gauni la kwaya likawa linaning'inia, akalipunguza kwa sindano, likaning'inia tena. Jumapili moja sauti ilimkatikia katikati ya wimbo wa Utukufu, akakaa chini. Hapo wale wale waliomwita mtakatifu wakaanza kusema ana ule ugonjwa, Ukimwi ambao siku hizo hatukuutaja kwa jina, na wakaacha kukaa naye benchi moja. Ulimi hauna mfupa.

Mama akampeleka hospitali. Daktari alimpima, hakukuta ule ugonjwa wala kifua kikuu. Akasema waziwazi kwamba binti huyu anakufa kwa njaa huku chakula kipo. Aanze kula kidogo kidogo, aletwe kila wiki apimwe, na itafutwe sababu inayomfunga mdomo.

Nyumbani mjomba alibembeleza, kisha akafoka. Vitalia aliitikia "Ndiyo, Baba," akachukua sahani yake na kwenda kula chumbani, maana siku hizo kila mtu alikuwa ameshazoea kula kivyake. Kuku wa mjomba, waliokuwa wakizurura chini ya dirisha la chumba hicho, wakanenepa ajabu. Mama alipowaona alisimama palepale uani.

"Kaka," alisema, "kuku wako wanakula vizuri kuliko mwanao."

Ndipo alipoikumbuka sengu. Zamani sisi Wamatengo, wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mkubwa wao, kila mke akileta alichopika. Mwenye ugomvi aliusema hapo, ukasikilizwa, ndipo watu wakala. Hela za kahawa zilipoongezeka kila mtu akafunga mlango wake, na sengu ikafa taratibu bila msiba. Mama akatangaza kwamba ataifufua, na safari hii itakuwa ya wanawake.

"Haijapata kutokea," mjomba Urbani alisema.

"Hata binti kufa njaa kwenye nyumba yenye ghala lililojaa haijapata kutokea," mama akamjibu. "Unataka tuanze na lipi?"

Jumapili baada ya misa, wanawake na wasichana wa ukoo tulikaa kwenye mikeka uani kwa mama. Palikuwa na ugali, maharage, na samaki aina ya mbasa walioletwa na wachuuzi wanaopanda kutoka Kihagara, ziwani. Birika la maji ya kunawa alilishika mama mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: sema ugomvi wako kabla ya kunawa. Mimi nilisema nimemnunia yeye, kwa kunisuta mbele ya wakwe zangu. Alinisikiliza, akakiri, akanimwagia maji. Wifi zangu wakamalizana kuhusu jembe lililoazimwa likarudi bila mpini. Tulicheka sana. Halafu birika likafika kwa Vitalia.

"Vitalia mwanangu, una ugomvi na nani?"

"Sina, Shangazi."

"Basi nawa, tule."

Hakunyoosha mikono. Tukangoja. Ugali ukapoa, hakuna aliyeugusa, na mama hakuliteremsha birika. Mwishowe Vitalia akasema huku akitazama mkeka, "Nina ugomvi na mwili huu. Nauchukia, Shangazi. Nikiulisha unazidi kunitia aibu. Nadhani hata Mungu anaupenda zaidi ukipungua."

Nilijua mama atapiga kelele. Badala yake aliweka birika chini, taratibu.

"Sengu haimhukumu mtu bila kumsikiliza," alisema. "Mwenzako yupo hapa, lakini umemnyima hata nguvu ya kujitetea. Nitamsemea mimi."

Akasimama, akajishika kiuno.

"Mimi ni mwili wa Vitalia. Nilimbeba kwenda shule, kupanda na kushuka, mvua na jua. Nilichimba ngolo pamoja na mama yake. Surua ilipokuja kumchukua, yeye alikuwa amelala hajitambui, mimi ndiye niliyepigana nayo. Akiimba watu wakatokwa na machozi, pumzi ni yangu. Siku ile Pankras aliponitukana, nilimgeukia yeye anitetee. Akaungana na Pankras."

Vitalia alilia kwa sauti, akiwa ameukumbatia ule mwili wake mwembamba kwa mikono yote miwili. Na sisi tulilia. Mama aliketi karibu naye mpaka magoti yao yakagusana, akaendelea kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Aliyeuumba hakuuonea aibu, mwanangu. Alikuja akauvaa wa namna hiyohiyo, akaona njaa, akawaokea wanafunzi wake samaki kando ya ziwa. Na binti wa Yairo alipofufuka, watu wote wameduwaa, Bwana alisema nini? Hakusema afunge kushukuru. Alisema apewe chakula. Mfungo unaokufundisha kuchukia kazi ya Mungu haukutoka kwa Mungu."

"Nisamehe," Vitalia akasema. Sijui alimwambia Mungu, mama, au mwili wake.

Mama akamnawisha. Vitalia alimega tonge dogo kama punje ya kahawa, akalichovya, akalitafuna muda mrefu. Ndipo na sisi tukala ugali wetu wa baridi, na haujapata kuwa mtamu vile.

Sitadanganya kwamba alipona siku hiyo. Kila wiki mama alikwenda naye hospitali, akihema milimani na kuilaumu njia. Zipo Jumapili ambazo Vitalia alikaa nasi asiweze kula, na mama aliacha birika kando yake bila kumsema. Pankras naye alifuatwa na mama nyumbani kwake. Waliyozungumza hawakuyasimulia, ila Jumapili iliyofuata alikuja kwenye sengu yetu, mwanamume peke yake, akamwomba Vitalia radhi mbele ya wote. Mama akampa birika atunawishe.

Mwaka uliofuata, kwenye mkesha wa Pasaka, Vitalia aliimba Utukufu hadi mwisho. Nilimtazama akivuta pumzi, gauni limemkaa, na nilimwonea fahari kuliko siku zile alipoitwa mtakatifu. Kesho yake tukaketi uani, nyama inatoa mvuke. Birika likazunguka.

"Vitalia mwanangu, una ugomvi na nani?"

Sote tukainamisha macho.

"Na yule yule, Shangazi," alisema. "Haujaisha. Lakini leo tunakula wote wawili."

Akanyoosha mikono.