Mpya ya Lini?

Jumatano asubuhi simu yangu ililia mezani kama jogoo, na binti yangu akaitazama kwa hasira badala ya kufurahi.

"Si inalia?" nikasema.

"Yako inalia, mama. Ya muuguzi ndiyo bubu."

Binti yangu huyu, kitindamimba, hutengeneza programu za simu. Hii ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa yeye mwenyewe, bila mkubwa juu yake: ya kuwakumbusha akina mama wa zahanati siku ya chanjo ya watoto. Mama anaandikishwa, siku ikifika simu inalia na maneno yanatokea. Muuguzi mkuu alikuwa amenunua simu mpya, akaiweka programu ile, akangoja wee, kimya. Asubuhi hiyohiyo akapiga na hakuzunguka mbuyu: "Mdogo wangu, kesho saa sita nakuja kwako. Kama hailii, tunarudi kwenye daftari letu, na wewe tunakushukuru." Sikumwona mkali. Ana watoto wa watu mikononi.

Mimi ni mjane, nashona sare za shule katika chumba kilekile anachofanyia kazi. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake ukutani, kwa hiyo namwona. Haandiki peke yake. Ana msaidizi ndani ya kompyuta, hiyo akili inayosemwa kila mahali. Anamwambia kwa Kiswahili anachotaka, naye anamwandikia mistari ya programu. Mimi namwita mkwe, maana binti anashinda naye kutwa, na ndiye mkwe pekee ninayemjua asiyedai chakula.

Asubuhi ile mkwe alibadilisha mlio. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na simu ya mfano, aina ya ile ya muuguzi; ikakaa kimya. Akabadilisha saa ya kuita. Kimya. Akapanga mistari upya kuanzia juu. Kimya vilevile. Na kila mara jibu lake lilikuwa moja, binti akinisomea kwa sauti ya kuchoka: "Nimetumia njia mpya, kama maelekezo yanavyosema."

Mara ya tatu niliondoa mguu kwenye cherehani.

"Maelekezo gani hayo?"

"Karatasi yake, mama. Anaisoma kila anapoanza kazi. Bila hiyo hajui hata tulipoishia jana."

"Hebu nione."

"Ni mambo ya kompyuta tu."

"Yameandikwa Kiswahili, au sivyo? Shule ya msingi niliimaliza. Nisogezee."

Ilikuwa mistari minane. Wa tatu ulisema: *Siku zote tumia njia mpya ya kutuma vikumbusho.*

"Mpya ya lini?" nikauliza.

"Mama jamani. Mpya ni mpya."

"Na jirani yetu Mgeni, ni mgeni?"

Akacheka bila kutaka. Yule mama wa nyumba ya tatu alipewa jina la Mgeni siku aliyohamia, kabla binti yangu hajazaliwa. Leo hakuna aliyemtangulia mtaani, waliompa jina wengine wamekwisha kuzikwa, na bado ni Mgeni.

"Huyu mkwe alitoka shule lini?" nikasema. "Mpya yake ni ya siku ile."

Kicheko kikamkatika. Akageuka, akaandika swali. Mkwe akajibu bila haya: mfumo wa simu anaujua mpaka toleo fulani, yaliyokuja baadaye huenda hayajui. Toleo alilolitaja lilikuwa la simu yangu. Ya muuguzi ilikuwa matoleo matatu mbele.

"Na mimi mpaka jana nilikuwa nikijaribia kwenye simu ya mama yangu tu," binti akasema polepole. "Mzee kamsifu mzee mwenzake."

"Mzee ni nani?"

"Simu, mama. Simu."

Akafungua ukurasa wa watengenezaji wa mfumo wenyewe, wa mwaka huu, akanifasiria. Simu za zamani ziliiacha programu iite itakavyo. Za sasa hazitaki. Lazima kwanza imwombe mwenye simu ruhusa.

"Kupiga hodi," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Sisi tunaingia kama paka."

Nilipenda alichofanya hapo, kwamba hakukimbilia kumwambia mkwe aandike programu upya. Alirekebisha ile karatasi kwanza. Neno *mpya* akalifuta, akaweka nambari ya toleo na tarehe. Akauambatisha ukurasa ule ili mkwe ausome kabla ya kugusa kitu. Akaongeza: *Usipojua, sema hujui.*

"Weka na siku ya kuipitia tena," nikasema. "Kitu kisicho na siku hakifanyiki."

Akaweka Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Mkwe akaandika upya, na adhuhuri simu ya mfano iliuliza, ikaruhusiwa, ikalia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikarudi kwenye kola zangu.

Alhamisi muuguzi alifika saa sita kamili, na sare yake, mkoba kwapani. Binti akamwekea programu. Swali likatokea kwenye kioo, na kidole cha yule mama kikaenda kama umeme: *Kataa*.

"Dada!"

"Mimi kinachoniuliza chochote nakataa. Ndiyo maana simu yangu haijawahi kuniletea balaa."

Nilimtazama mwanangu. Nilikuwa tayari kwa machozi. Yeye alikuwa anavuta kiti.

"Basi na akina mama wote watakataa," akasema. "Heri umekataa hapa. Nipe robo saa."

Akamwagiza mkwe atengeneze ukurasa wa kutangulia, unaosema ni nani anayebisha na anataka nini. Maneno akaniomba mimi, kwa sababu yatasomwa na watu kama mimi. Nikasema: "Hapa ni zahanati. Tukuite siku ya chanjo ya mtoto?"

"Ya mtoto *wako*," muuguzi akaongeza. "Mtoto tu, atadhani wa jirani."

Programu ikafutwa, ikawekwa upya. Muuguzi akasoma, midomo ikicheza, akabonyeza *Ruhusu* bila kuambiwa na mtu. Binti akapanga kikumbusho cha majaribio; dakika haikuisha, simu ikamlilia mkononi, nusura aiangushe.

Akaitia mkobani, akasimama. "Kesho saa mbili njoo zahanati na kompyuta yako. Nina akina mama arobaini wa kuandikisha, na nusu yao wabishi kuliko mimi."

"Nitakuja saa moja," binti yangu akasema.