Gari Lisilojua Tope

Seremala aliyeitwa Randa hakuwa mtu wa chuki, lakini dharau alikuwa nayo ya kutosha, na sehemu kubwa ya akiba hiyo aliwatengea madereva wa kukodi. Kazi yake ilikuwa majeneza, na jeneza haliendi kaburini kwa miguu. Kila alilolimaliza ilimbidi alikabidhi kwa mtu mwenye gari, na mtu mwenye gari huona kila kitu ni mzigo.

Miezi tisa nyuma mkewe alifariki. Jeneza alilitengeneza mwenyewe, kwa mbao ngumu alizokuwa amezihifadhi bila kujua anamwekea nani, pembe zote zikaumana kama meno. Dereva wa lori alikuja amepakia mifuko ya saruji. Akasema ataishusha mbele ya safari, maiti haina haraka. Kwenye mlima wa kwenda kwao marehemu lori likaserereka topeni, saruji ikahama, jeneza likabanwa ubavuni na pembe moja ikapasuka. Randa aliitengeneza mbele ya lango la wakwe, amepiga magoti, kwa misumari ya kuazima, ukoo mzima umesimama kumtazama. Dereva aliegemea bodi ya lori akichokonoa meno.

Tangu siku hiyo aliapa: jeneza lake halitapanda tena gari la mtu. Alitaka gari aina ya stesheni wagoni, refu, lenye mgongo uliofunikwa, la dizeli, lenye kuvuta kwa magurudumu manne. Alikuwa ameshakagua magari sita. Moja lilikuwa fupi, moja lilikuwa chini kama mjusi, mengine manne yalikuwa makopo yaliyopakwa rangi. Mvua zilikuwa zinakaribia, na kule mlimani mvua ikianza, madereva wa kukodi hupandisha bei au hawapandi kabisa.

La saba lilikuwa la mstaafu mmoja aliyekuwa meneja wa ghala, na ambaye bado alitaka aitwe Meneja hata na muuza maziwa. Randa alikwenda na shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa injini za dizeli. Mjini walimwita Nozeli. Spana zake zilikuwa fupi, mdomo ndio ulikuwa mrefu.

Gari lilisimama katikati ya ua wa vigae, limeoshwa mpaka linatia aibu, matairi yamepakwa dawa ya kung'aa. Meneja aliwapokea kwa suruali iliyonyooshwa mkunjo mkali wa kukata mkate. Akawapa mkono wote wawili, Randa wa mwisho.

Nozeli alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti.

"Meneja, gari lako lina homa."

"Nililipasha moto kidogo. Dizeli si mnazijua, asubuhi zina uvivu."

"Tunazijua. Ndiyo maana tunapenda kuziamsha wenyewe." Nozeli akaketi kwenye ukuta mfupi wa maua. "Tutangoja lipoe."

"Mtangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka lisahau kwamba uliliamsha."

Basi wakangoja, karibu saa nzima, na saa hiyo Meneja aliitumia kulisifu gari kama mtu anayemwoza binti aliyepitwa na umri. Viti havijawahi kumwagikiwa chai. Redio haijawahi kupigwa kwa sauti kubwa. Mtu wa kuvuta sigara hajawahi kuegemea hata mlango.

"Na jambo moja niwaambie," alisema, akinyoosha kidole. "Gari hili halijui tope."

Nozeli aliinua kichwa. "Halijui?"

"Miaka saba. Hata tone."

"Gari la foo wili lisilojua tope ni bata anayeoga kwa kopo," alisema Nozeli. "Sasa hilo ni la kusifia?"

"Hili ni gari la heshima, kijana. Limebeba maharusi. Limebeba wageni wa kampuni."

Randa alisikiliza huku akitazama vigae. Alikuwa amekwishampima Meneja kama anavyopima ubao: kwa nje umelainishwa vizuri, kwa ndani una mchwa. Mtu anayenunua gari la milimani halafu akajivunia kwamba hakulifikisha mlimani, aliwaza, ni sawa na anayenunua msumeno autundike ukutani.

Boneti ilipopoa, Nozeli aliuzungusha ufunguo. Mara ya kwanza gari likakataa, mara ya pili likakohoa moshi mweupe, likatetemeka, kisha likatulia. Alifungua mfuniko wa oili, akanusa, akaweka kiganja juu ya tundu. Akalala chini ya gari kwa muda mrefu. Halafu akalitoa nje na Randa, wakalizungusha kwenye uwanja wa kokoto, akaingiza gia ya magurudumu manne, akaitoa, akaingiza ile ndogo ya nguvu.

"Injini nzima," alisema walipokuwa wanarudi. "Jointi moja ya shafti ya nyuma inagonga, hiyo nusu siku tu. Kibovu kikubwa ni mwenyewe."

"Unaonaje, basi?"

"Lichukue. Ila kuna kitu sikielewi, shemeji. Springi za nyuma zimeongezwa. Sasa mtu wa kubeba maharusi anaongeza springi ya nini? Walikuwa wanene kiasi gani hao maharusi?"

Uani Randa alifungua mlango wa nyuma, akalaza viti, akatoa futi yake mfukoni. Alivuta kutoka kizingitini hadi mgongo wa kiti cha mbele. Mita mbili na sentimita nane. Alirudia, maana moyo ulikuwa umemruka, na mpimaji ambaye moyo umemruka haaminiki.

"Unapima nini, kabati?" aliuliza Meneja, akicheka.

"Jeneza."

Kicheko cha Meneja kilibaki mdomoni bila sauti. "La nani?"

"La yeyote. Ndiyo kazi yangu. Nayatengeneza, nataka niyafikishe mwenyewe."

Meneja alirudi nyuma hatua moja. Kisha, bila kujificha, akaufuta kwenye suruali ule mkono aliompa Randa asubuhi.

"Ndugu yangu, mngesema mapema," alisema. "Gari hili siuzi kwa kazi hiyo."

"Likishauzwa ni la kwako tena?" aliuliza Nozeli.

"Kuna mambo mtu hawezi kuyafanya. Watoto wangu wamekaa hapo. Mke wangu amekaa hapo. Leo nilione barabarani limebeba maiti? Watu watasema nini? Gari la Meneja."

"Na wewe Meneja ukifa utakwenda na nini, baiskeli?"

"Nozeli," alisema Randa.

"Hapana, shemeji, niache nimuulize. Pengine ana mpango wa kutokufa, atuambie na sisi."

Meneja alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni, amefumba funguo kiganjani. Randa hakumfuata. Futi bado ilikuwa sakafuni mwa gari, na alipoinama kuichukua, kidole chake kilipita juu ya zulia kikahisi kijibonde. Kidole cha seremala hakipiti kijibonde bila kuuliza. Alifunua zulia. Chini kulikuwa na ubao wa plaiwudi, na kwenye ubao matundu yaliyozibwa kwa vumbi la mbao na gundi, kazi mbaya, kazi ya fundi aliyelipwa kabla ya kuanza. Manne mbele, manne nyuma. Alivuta futi kati ya matundu ya kushoto na ya kulia, ingawa hakuhitaji. Alikuwa amepigilia vizuizi vya aina hiyo, vya kulishika jeneza lisihame, kwenye malori ya watu kwa miaka ishirini na mbili, na nafasi ile ilikuwa moyoni mwake kama tarehe ya kuzaliwa. Hakuna mzigo mwingine duniani wenye upana ule.

"Meneja," aliita taratibu. "Maharusi wako walikuwa wanalala chali?"

Meneja alirudi. Aliona zulia lililofunuliwa, na kwa mara ya kwanza siku ile suruali yake ilionekana kubwa kuliko yeye. Alitazama dirisha la jikoni.

"Sema polepole."

"Nimesema polepole."

"Ilikuwa miaka mitatu tu," alinong'ona. "Alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Wafiwa wa mbali, waliokosa usafiri. Mke wangu alijua napeleka nyaraka za kampuni."

"Na tope?" aliuliza Nozeli. "Au mliruka juu yake?"

Meneja alikuwa anautazama ule ubao, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliyewahi kufanya kazi. "Mlimani usingoje ukwame. Gia ndogo uiingize ukiwa bado bondeni, pakavu. Usifunge kamba juu ya jeneza, inachubua. Vizuizi chini, na blanketi chini yake, lililokunjwa mara mbili. Kwenye mteremko usiguse breki, iachie injini ikushike. Sikuwahi kuchubua hata moja. Hata pembe."

Randa alisimama akimtazama. Pembe. Mtu huyu angeweza kumfikisha mke wa Randa kwao, jeneza likiwa zima.

"Kwa nini uliacha?"

"Nilipanda cheo," alisema Meneja. "Haikufaa tena."

Randa alikuwa amemdharau kwa majivuno yake, na ile ilikuwa dharau ndogo, ya kawaida, kama ya mtu anayepuuza mbu. Hii sasa ilikuwa na uzito. Mtu alikuwa na jambo moja la maana alilowahi kulifanya vizuri, na hilo ndilo alilolizibia matundu kwa gundi. Mke wa Randa alipanda mlima na mifuko ya saruji, na huku gari hili limeegeshwa kwenye vigae, limepakwa dawa ya kung'aa, linangoja maharusi.

"Nitawauzia," Meneja alisema haraka. "Na nitapunguza. Nitoe theluthi nzima. Ila maneno haya yabaki hapa. Mke wangu akiuliza, mnabebea mbao. Wewe si seremala? Mbao si uongo."

"Punguza gharama ya jointi tu," alisema Randa. "Hayo mengine si ubovu wa gari."

"Shemeji," Nozeli alimvuta kando, "mtu anatupa theluthi wewe unairudisha? Umerogwa?"

"Hiyo ni bei ya kunyamaza. Mimi nanunua gari."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Mke wa Meneja akatoka na sinia ya maji, mwanamke mfupi, mikono mikavu ya mtu afuaye kila siku. "Karibuni, mashemeji. Mmekaa juani muda wote huu na huyu hata maji hajawapa." Akawapa glasi, akalitazama gari lililoachama mlango. "Mmeelewana? Mnalinunulia kazi gani?"

Meneja alisimama nyuma yake akimtazama Randa kwa macho ya mbuzi aliyeona kisu. Funguo zilikuwa bado kiganjani mwake. Neno moja lingempa Randa gari, na lingine lingeweza kulibakisha ndani ya geti, na magari ya urefu ule hayakuwa yamejaa mjini. Alimkumbuka mkewe sokoni, wake wa watu walipomuuliza mumewe anafanya kazi gani. Alikuwa akilitaja jeneza bila kushusha sauti, halafu anaendelea kuchagua mboga.

"Majeneza, shemeji," alisema. "Natengeneza majeneza."

Mke wa Meneja aliichukua glasi iliyokwisha maji, akaipanga kwenye sinia.

"Basi hamtapata tabu nalo," alisema. "Limezoea. Miaka mitatu nimefua yale mablanketi." Akamgeukia mumewe. "Yamo stoo, juu ya rafu. Wape, ya nini kukaa na panya."

Akaingia ndani. Meneja alibaki amesimama kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Hakuna aliyemsaidia. Alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na mablanketi manne yaliyokunjwa mara mbili, akayaweka nyuma ya gari kwa uangalifu ambao hakuweza kuuficha. Akasaini karatasi za mauzo juu ya boneti bila kuzisoma. Alipompa Randa funguo, hakumpa mkono, na safari hii ilikuwa kwa kuogopa kwamba Randa angemnyima wake.

Randa aliendesha mwenyewe. Gari lilikuwa zito na la polepole, na jointi iligonga kila alipobadilisha gia. Nozeli alishika kiti kwa furaha, akamsema Meneja kuanzia getini: suruali yake, vigae vyake, maharusi wake waliolala chali.

"Miaka mitatu mwanamke anafua, yeye anadhani anamdanganya. Mtu mzima anaionea aibu kazi nzuri aliyoifanya. Hivi mtu kama huyo utamwitaje, shemeji?"

"Mpumbavu."

"Mpumbavu mkubwa." Nozeli akatazama nje. "Ila wewe ulipokuja kwetu kumposa dada, baba alikuuliza kazi yako. Ulimjibu nini?"

Randa alitazama barabara. "Nilisema mimi ni seremala."

"Ulisema vitanda. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Ulisema unatengeneza vitanda."

"Nilikuwa nimetengeneza kitanda."

"Kimoja."

"Kimoja," alikubali Randa.

"Dada alitucheka usiku kucha. Alikuwa ameshapita kwenye karakana yako wiki mbili kabla, kuchungulia."

Hilo Randa hakuwahi kuambiwa. Nozeli alicheka peke yake mpaka njia panda, kisha akafuta macho kwa kiganja, na haikuwa rahisi kujua anafuta nini. Randa alipunguza mwendo kwenye kona. Ile dharau aliyotoka nayo uani kwa Meneja bado ilikuwepo, nzima, haijapungua hata chembe. Ila sasa ilimbidi aigawe, na alikuwa hajui aanze kukata wapi.