Skrubu za Dhahabu

Erasto alikuwa mkuu wa ugavi katika shirika moja la umma mjini Kigoma, na tangu zamani alikuwa mtu wa kutazama kwanza alichopewa mwenzake ndipo aangalie alichopewa yeye. Kwa hiyo Mama Honorata, mkurugenzi wao, alipotangaza kwamba watumishi watacheza mchezo wa bunduki za rangi ili wajenge mshikamano, Erasto hakuuliza mchezo huo unachezwaje. Aliuliza nani atapewa bunduki ipi.

Uwanja ulikuwa wa Veneranda, mama aliyeongoza watalii kwa miaka mingi kabla ya kukodi shamba la michikichi kule Mwandiga na kulijaza matairi mabovu na mapipa matupu ya kujificha. Bunduki zake hazikuua mtu. Zilisukumwa na gesi ya mtungi mdogo, zikarusha vidonge laini vilivyopasuka na kumwaga rangi pale vinapogonga. Siku ya mazoezi Veneranda aligawa bila kuangalia cheo. Edson, mkuu wa fedha, akaangukiwa na bunduki yenye skrubu zinazong'aa. Ya Erasto ilikuwa na skrubu zilizoliwa na kutu.

Mtu mwingine asingeziona. Lakini Erasto na Edson walikuwa hawasalimiani nje ya vikao tangu walipogombea kivuli cha kuegeshea magari pale ofisini, na Edson ndiye aliyekishinda kivuli. Sasa na skrubu?

"Dada Veneranda," alisema Erasto, akiwasubiri wenzake waondoke, "naomba ruhusa niirekebishe hii bunduki. Kimwonekano tu."

Veneranda alimtazama, akaitazama bunduki. "Inapiga vizuri hiyo kuliko zote."

"Sijasema haipigi. Nasema haifanani na mkuu wa idara."

"Haya. Lakini utaifanyia hapa hapa, kwenye meza yangu. Kwanza unatoa mtungi wa gesi na kuupeleka kule mbali. Unamwaga vidonge vyote. Unafyatua ukiwa umeelekeza chini kwenye mchanga, uhakikishe haina pumzi iliyobaki ndani. Miwani huvui. Halafu unagusa skrubu za mpini peke yake, na hizi mbili za kikingio cha kidole. Hizi za nyuma zinazuia gesi. Ukizichezea, siku moja kitu kitaruka kikutoboe jicho."

"Na nikizipasha moto kidogo zibadilike rangi? Nimeona kwenye simu."

"Moto hapana. Msasa mkali hapana. Rangi inakaa kichwani mwa skrubu, kwenye meno yake hapana, la sivyo haitakaza. Na huu mdomo wa rangi ya chungwa uache kama ulivyo, watu wajue ni mchezo. Sitaki polisi hapa."

Erasto alikubali yote kwa utii ambao ofisini kwake hakuna aliyewahi kuuona. Kesho yake aliitisha kikao cha idara, ajenda ikiwa moja: rangi ya skrubu. Wajumbe walikaa kuanzia baada ya chai mpaka karibu na chakula cha mchana. Wawili walitaka kijani, Bonifasi akashauri iundwe kamati ndogo, na mwisho Erasto akafunga mjadala kwa dhahabu.

Dhahabu yenyewe aliipata saluni, Gungu, kwenye chupa za rangi ya kucha. Wema, mwenye saluni, alimpangia chupa mezani mbele ya wateja waliokuwa wakisukwa.

"Ya mama, au ya nani?" aliuliza Wema.

"Ya mke wangu."

"Mkeo si yuko Njombe?"

"Namtumia kwa basi."

"Kucha zake ndefu au fupi?"

Erasto alifikiri kidogo. "Za mviringo," alijibu, "halafu katikati zina tundu la pembe sita."

Wasusi wakaacha kusuka, wakamgeukia. Erasto alichukua chupa akaondoka haraka kuliko alivyoingia.

Kazi yenyewe aliifanya vizuri, tena kwa mkono wa upendo. Alitoa gesi, akamwaga vidonge, akafyatua mchangani. Alizifungua skrubu moja moja, akazisugua kutu kwa mswaki wa zamani na siki, akazifuta zikakauka, kisha akazichomeka kwenye gunzi la hindi ili vichwa tu vibaki nje. Akapaka tabaka jembamba, akasubiri, akapaka la pili. Zilipokauka alizirudisha na kuzikaza kwa mkono, bila kulazimisha. Veneranda akakagua, akarudisha mtungi na vidonge mwenyewe, akapiga kopo lililokuwa mbali. Rangi ikatapakaa kopo zima.

"Salama," alisema.

Erasto hakulitazama kopo. Alikuwa akigeuza mpini juani, na vichwa vinne vya skrubu vikimwakia kama vifungo vya koti la arusi.

Habari ikafika idara ya fedha. Siku ya pili Edson alikuwa kwenye meza ya Veneranda na chupa ya zambarau yenye vumbi la kumeta. Wa utumishi wakaja na rangi ya fedha, wa sheria wakaja na nyeusi, wakisema inaonyesha uzito. Ofisini barua zililala, wazee waliofuata mafao yao wakaambiwa wahusika wako mafunzoni, na kwa maana fulani haukuwa uongo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejifunza kulenga.

Siku ya mchezo ilifika. Filimbi ilipolia, idara zote, kila moja kivyake, zilikimbilia nyuma ya matairi, kisha pakawa kimya. Erasto alisikia kunguru tu. Alichungulia. Alitambaa kwa tumbo kati ya michikichi mpaka nyuma ya pipa la mwisho, na hapo akamkuta Edson amekaa chini, mgongo wazi kabisa, bunduki yake ameifunika kwa leso.

Erasto aliinua bunduki. Hakuwa amewahi kupata nafasi kama hiyo maishani, tangu enzi za kivuli.

Edson akageuka. "Erasto, ngoja! Nimepaka tena asubuhi, haijakauka vizuri!"

Erasto akashusha bunduki. Alilielewa hilo kabisa. Alisogea, akachuchumaa. "Umepaka tabaka nene. Ndiyo maana."

"Yako umeikaushaje?"

"Gunzi," alisema Erasto. "Na subira."

Edson aliinua leso, wakainamia skrubu pamoja kwa vichwa vilivyokaribiana, mkuu wa ugavi na mkuu wa fedha, kwa mara ya kwanza wakikubaliana jambo bila mwenyekiti. Ndivyo Mama Honorata alivyowakuta. Yeye hakuwa na habari za skrubu. Alikuwa amepewa ile bunduki ya akiba, kuukuu, na alikuwa amekwisha kuwapiga utumishi wote na sheria yote, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemjibu kwa kuogopa kuchafua bunduki yake. Alimpiga Edson begani. Kisha akampiga Erasto, na kidonge kikapasukia kwenye mpini, kijani kikamwagika juu ya dhahabu.

Erasto alitoa mguno ambao Mama Honorata aliudhania wa maumivu. "Pole, baba. Umeumia?"

"Hapana, mama," alisema Erasto, na macho nyuma ya miwani yalikuwa yamelowa. "Ni uchungu wa mchezo."

Kwenye mkutano wa kufunga siku, Mama Honorata alisema mshikamano umepatikana, kwamba amewakuta kwa macho yake wakuu wa idara mbili wakishauriana chini ya risasi, na kwamba mwakani watarudia. Watu walipiga makofi. Edson alimletea Erasto ndoo ya maji na kipande cha sabuni, wakakaa kwenye tairi moja wakiosha mipini yao polepole kwa mswaki. Jioni wakateremka pamoja Kibirizi kula migebuka ya kukaanga, na kwa gari la Edson.

"Kile kivuli," alisema Edson, akichambua miba, "kwa kweli ndege wanakinyea sana."

"Nilijua," alisema Erasto. "Nilikuwa nakiona kila siku kutoka dirishani, nikifurahi."

Edson alicheka mpaka akapaliwa, Erasto akampiga mgongoni, kisha akaagiza samaki mwingine.