Binamu Yangu wa Muanda

Sikuwa na nia ya kuzungumzia ascidie siku ile. Nilikuwa nimeagizwa nikae kimya, nitabasamu, nimwachie mjomba wangu, tonton Édouard, maneno yote, maana ndiye msemaji wa familia yetu ya Isangi na ana sauti ya kuombea posa. Mimi nilichotaka ni kumwoa Bibiche, basi. Lakini Papa Urbain, baba yake, mvuvi wa maporomoko, hapendi kumwona mgeni amekaa bure. Akaniuliza kazi yangu ni nini. Na mimi ukiniuliza kazi yangu, nimekwisha.

Nikaeleza. Ninafundisha biolojia chuo kikuu, na kiumbe wangu ni ascidie, mnyama mdogo wa baharini: mfuko laini usio na mfupa, umeshika jiwe, unavuta maji huku na kuyatoa kule. Ukimtazama utasema ni soksi iliyosahauliwa majini. Kumbe utotoni anaogelea, ana mkia, na ndani ya mkia ana uti laini kama ule tunaoanza nao sisi tumboni mwa mama. Akipata jiwe lake, anaufyonza mkia wake mwenyewe na kutulia. Wataalamu waliposoma jeni zake walikuta kwamba kati ya wanyama wasio na uti wa mgongo, jamaa yake ndiyo iliyo karibu nasi kuliko zote. Ni binamu yetu, nilisema, tena kwa fahari, mjinga mimi.

Tonton Édouard alinikanyaga mguu. Alikuwa amechelewa.

Kwa watu wa Papa Urbain, posa haijadiliwi kabla pande mbili hazijataja koo zao, babu kwa babu, ili kuhakikisha damu hazikutani. Tulikuwa tumemaliza kutaja, na hazikukutana popote. Mama Ursule, mkewe, alikwisha kuanza kufungua maboke, samaki waliookwa ndani ya majani, na harufu ilikuwa imejaa uani.

"Ngoja kwanza," Papa Urbain akasema. "Ile kanyama iko ndugu yako?"

"Ndiyo, papa. Ndugu ya mbali."

"Na sisi?"

"Na ninyi pia. Iko ndugu ya batu bote."

"Bon. Kama iko ndugu yako, na iko ndugu yetu, donc wewe na Bibiche muko bandugu. Mama Ursule, funga chakula."

Maboke yakafungwa. Nikataja miaka milioni mia tano na zaidi tangu tutengane na mnyama huyo. Papa Urbain akauliza undugu huo ulikwisha siku gani, na nani alikuwepo.

Tonton akaniinamia. "Nephtali, sema tu ile iko uongo ya bitabu. Tukule, turudie na bibi yako."

Ilikuwa rahisi. Bibiche alisimama mlangoni akinitazama, na nampenda hadi naona haya. Nikafungua mdomo. Nikawakumbuka wanafunzi wangu, ninaowafelisha wakiandika upuuzi wa namna hiyo hiyo.

"Haiko uongo," nikasema. "Iko cousin."

Tonton akachukua kofia yake. Moyo ukaniuma kweli.

"Papa," Bibiche akasema, "kama iko ndugu, si tukate undugu?"

Njia hiyo ipo kwao. Damu zikigusana kwa mbali sana, kitu cha ukoo hupasuliwa mbele ya wote, kila upande unatupa nusu yake mtoni, na tangu hapo ni wageni, waweza kuoana. Papa Urbain akafikiri, akakubali. Lakini kitu cha kupasua, akasema, ni ndugu mwenyewe.

Ascidie niliyekuwa naye alikuwa mmoja tu. Rafiki yangu alinitumia kutoka Muanda, kule pwani, ndani ya chupa ya alkoli. Sikuwahi kuthubutu kumpasua; nilifundisha kwa picha, chupa niliipitisha darasani, na aliyeitikisa nilimtoa nje. Nilipanda pikipiki kwenda kuichukua chuoni huku machozi yakinilenga. Dereva akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia binamu, akanipa pole.

Mkono wangu ulikataa kisu. Bibiche akakichukua, akamlaza binamu kwenye jani, akampasua kwa urefu, mara moja, kama kambare. Wazee wa pande zote mbili wakatamka kwamba undugu umekwisha. Nilifurahi, nikamlilia na mnyama wangu pia.

Papa Urbain akaokota nusu yake ili akaitupe mtoni. Akasita njiani. Ndani mlikuwa na kile nilichokijua kwa picha tu: kapu zima la vitundu, mdomo mpana juu, maji yanapita, chakula kinabaki. Mzee amesuka mitego ya samaki ya namna hiyo hiyo maisha yake yote na kuisimamisha kwenye mkondo. Akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akairudisha kwenye chupa, akakaza kifuniko, akaikumbatia.

"Nusu yenu mutupe," akasema. "Huyu iko mutu wa hapa, wa kwetu tu. Batu ya Isangi hamuko bandugu yake hata kidogo."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Bibiche akafungua boke, akaujaza samaki.