Kisufuria Nyuma ya Cherehani

Pua ya Bibi ilikufa na yale mafua ya msimu wa baridi, na ulimi ukaifuata. Mwenyewe hakujua. Au tuseme hakutaka kujua, maana mtu aliyesifiwa kwa mchuzi wake tangu akiwa mwali hawezi kuamka asubuhi moja akajiambia kwamba sasa anapika kwa kubahatisha. Alipoona chakula kimepooza mdomoni alilaumu nyanya. Nyanya za siku hizi, alisema, hazina adabu. Akaongeza chumvi, akajidondoshea mchuzi kiganjani, akalamba, akaona bado, akaongeza tena.

Aliyejua ni mjukuu wake, fundi cherehani, binti wa mwanawe mkubwa, aliyeishi naye na kushonea watu nguo katika chumba cha mbele. Siku ya kwanza alipoutia ule mchuzi mdomoni macho yalimtoka. Alitaka kusema, lakini Bibi akamwahi.

"Sema kweli, mke mwenzangu. Leo sijajipita?"

"Umejipita, Bibi," akasema, akaenda zake uani kunywa maji.

Kuna sababu ya uongo ule, na sababu yenyewe ni shangazi. Shangazi alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye moyo mzuri na sauti ya gwaride. Alikuwa amemshikia bango mama yake ahamie kwake. Kwake kuna nafasi, kuna dada wa kazi, na kubwa kuliko yote, hakuna mtu mwenye umri ule anayeruhusiwa kusogelea moto. Bibi alimvumilia weee, mpaka siku moja mbele ya wote akachoka.

"Sikilizeni," alisema. "Siku mtakayoshindwa kumeza chakula changu, nitafunga virago mwenyewe, wala hamtanisukuma. Ila mpaka siku hiyo, niacheni na jiko langu."

Shangazi alikubali papo hapo. Tangu hapo alikuja kila Jumapili, na kila Jumapili alikula kama mtu anayesahihisha mtihani.

Basi mjukuu akajitafutia njia. Jumamosi jioni alichemsha nyanya, vitunguu na viazi bila punje ya chumvi, akavitia katika kisufuria kidogo, akakifunika sahani na kukificha nyuma ya cherehani, chini ya mabaki ya vitambaa. Jumapili Bibi alipomaliza kupika aliingia bafuni kuoga, maana hakuwa mtu wa kupokea wageni na harufu ya vitunguu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mjukuu alichota mchuzi wa chumvi akaumwaga, akamimina wa kwenye kisufuria, akakamulia ndimu, akaonja, akakoroga, huku sikio liko kwa Bibi anayejimwagia maji. Kopo lilipoacha kugonga ndoo, yeye alikuwa keshakaa kwenye cherehani, mguu kwenye kanyagio, uso mkavu.

Watu wakala, wakasifu. Baba mdogo, dereva wa malori asiyejua kula polepole, alilamba sahani mpaka mkewe akaona haya. Shangazi alimaliza chakula chake bila neno, na kwa shangazi hiyo ni alama ya juu. Bibi alikaa kwenye kiti chake akizipokea zile sifa moja moja, huku akizikataa kwa mdomo. "Aa, nyie nanyi, mchuzi tu huu." Na mjukuu akafurahi naye. Mwanzoni alifurahi kweli, lazima nimtendee haki.

Lakini kazi isiyoonekana ina tabia ya kuchacha moyoni. Ikafika mahali kila Bibi aliposifiwa yeye alihesabu kwamba ameibiwa. Hakumwambia mtu. Alikaza uzi, akakanyaga cherehani kwa nguvu kuliko nguo ilivyohitaji, na Jumapili zikapita.

Jumapili hii ninayoisimulia wageni walifika mapema. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameepua sufuria, bado hajaoga. Akaja kukaa nao kidogo chumba cha mbele, amefurahi, jasho linamtiririka. Mke wa baba mdogo, kwa kutafuta la kusema tu, akamgeukia fundi aliyekuwa akipinda sketi ya mteja.

"Na wewe mwanangu, umeshajifunza chochote kwa bibi yako? Huyu mume utakayempata atakula sketi?"

"Huyu?" Bibi akadakia. "Huyu mke mwenzangu mpe yai achemshe, litaungua. Siku akipika yeye, hata nzi wanafunga safari."

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. Hata shangazi akatabasamu, na si kila mwezi hutabasamu. Utani wa bibi na mjukuu ni kitu cha kawaida, nao walikuwa wakitupiana maneno kama hayo kutwa nzima. Fundi alikuwa keshaandaa jibu lake. Ila Bibi alipoona watu wamefurahi, akaongeza, na safari hii hakuwa anatania sana.

"Nimemfundisha mpaka nimechoka jamani. Mtoto mzuri, ana heshima, anajua kushona. Lakini mkono wake jikoni hauna kitu."

Akainuka, akachukua taulo, akaenda kuoga.

Mkono hauna kitu. Fundi aliutazama mkono wenyewe. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na alama ya kuungua ya Jumapili iliyopita, alipoishika sufuria bila kitambaa kwa haraka ya kumwokoa huyohuyo anayemtangaza. Akainuka, akakitoa kisufuria chini ya vitambaa, akakipeleka jikoni kama kawaida. Akafunua sufuria kubwa, akaonja. Mchuzi ulikuwa mkali wa chumvi siku hiyo, mkali wa kukunja uso. Bafuni maji yalianza kumwagika. Muda ulikuwepo tele, hilo lieleweke. Maji yalimwagika, yakanyamaza kwa sabuni, yakamwagika tena, naye amesimama pale na kisufuria mkononi.

"Leo waonje," alisema peke yake.

Akakiweka kisufuria juu ya rafu, akarudisha mfuniko wa sufuria kubwa, akarudi kwenye cherehani. Na ukweli wa Mungu ni kwamba moyoni mwake mlikuwa na raha.

Bibi alipakua mwenyewe, hakuwa akimwachia mtu kijiko cha kupakulia. Wali, kuku, mchuzi juu yake. Watu wakanawa, wakakaa. Baba mdogo ndiye aliyetangulia, na ndiye aliyekwama ghafla katikati ya kutafuna, shavu limevimba, anaangalia huku na huku hajui ameze au afanyeje. Mkewe alikunywa maji, akanywa tena. Shangazi alitia mdomoni, akameza kwa shida, akaweka kijiko mezani taratibu.

"Mama," alisema. "Chumvi."

"Haitoshi? Ngoja nikuletee."

"Imezidi, mama. Haiingii."

Bibi akacheka kidogo. Akajichotea mchuzi, akadondoshea kiganjani, akalamba mbele yao wote, taratibu, kama alivyolamba miaka yote.

"Mbona iko sawa," alisema.

 Akalamba tena, akawatazama mmoja mmoja. Baba mdogo aliinamisha kichwa, na mtu yule huwa hainamishi kichwa mbele ya sahani isipokuwa anakula. Raha yote ikamtoka fundi kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Aliuona uso wa Bibi ukitafuta mtu wa kumwambia yuko sahihi, akaona shangazi anavuta pumzi ya kusema lile linalojulikana. Akaropoka.

"Ni mimi! Leo nimepika mimi. Kabla hamjafika Bibi alikuwa amejilaza, mgongo ulikuwa unamsumbua, nikampikia."

"Ahaa!" baba mdogo akaruka, amepona kabisa. "Si unaona? Nzi wameshafunga safari!" Wakacheka wote, kicheko cha watu waliotuliwa mzigo.

Bibi hakucheka.

"Umepika wewe?" aliuliza. "Mimi si nimekatakata vitunguu asubuhi? Kuku si nimemkaanga mimi?"

"Ulianza wewe, Bibi. Ukaenda kulala. Nikamalizia mimi."

Uongo wenyewe mdogo, umetoka kwa nia njema, na uliharibu kuliko chumvi. Maana kicheko kilikatika, na shangazi akamsogelea mama yake, akamwekea mkono begani. Sauti ya gwaride haikuwepo tena. Alisema kwa ule upole unaotumika kwa wagonjwa.

"Mama. Unakumbuka kama umepika leo?"

"Nakumbuka," alisema Bibi. Kisha akamtazama mjukuu wake, ambaye hajawahi kumdanganya kwa kadiri alivyojua. Akautazama mkono wake mwenyewe, akatazama mlango wa jikoni, kama vile jibu lilikuwa limesimama pale. "Nilidhani nimepika. Au ilikuwa jana? Labda nililala kweli. Labda amepika yeye."

Fundi akaona alichofanya. Alikuwa ametaka kumrudishia Bibi heshima ya sufuria, na badala yake alikuwa anamnyang'anya akili.

"Amepika Bibi," alisema. "Nimedanganya. Bibi hajalala, mgongo haumuumi, amepika yeye tangu asubuhi na kichwa chake kizima. Ila ulimi wake hausikii chumvi. Tangu yale mafua. Mimi ndiye ninayeurekebisha mchuzi akiwa anaoga."

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria kubwa na kile kisufuria, akafanya mbele yao yale aliyokuwa akiyafanya kwa kunyata. Akachota, akamwaga, akamimina, akakamulia ndimu. Baba mdogo akaonja kwa ncha ya kijiko. Uso wake ukafunguka.

"Huu ndio wenyewe," alisema kwa sauti ya chini.

Bibi akanyoosha kiganja. Fundi akamdondoshea. Bibi akalamba, akafumba macho, akiitafuta ladha kwa juhudi.

"Naona ni uleule," alisema.

Kisha akaanza kuuliza. Hakuuliza kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angeuliza kwa hasira.

"Hata ule wa siku baba yako aliporudi safari?"

"Hata ule, Bibi."

"Ule wa msiba wa jirani? Watu waliomba waongezewe."

"Hata ule."

"Na ule ambao binti yangu aliniomba nimfungie akale kwake?"

Shangazi aligeuza uso ukutani. Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Basi sijapika kitambo," alisema Bibi.

Akachukua mwiko uliokuwa ndani ya sufuria, akaufuta vizuri kwa kitambaa, mbele na nyuma, akampa mjukuu wake. Akamwambia bintiye kwamba amesema mwenyewe kwa mdomo wake kuhusu virago, na nguo zake si nyingi. Lakini shangazi akakataa. Virago vya nini tena? Kama yupo mtu wa kupika ndani ya nyumba, na anapika hivi, hakuna wa kuhama. Bibi atakaa hapahapa, atapumzika, jiko lina mwenyewe. Shangazi alimkumbatia fundi mpaka mbavu zikamuuma. "Kumbe ni wewe uliyekuwa unatulisha, na sisi tunakucheka." Baba mdogo alimshika kichwa, akamwita mama. Mkewe aliomba radhi kwa yale maneno ya mume wa kula sketi, akasema atakayemwoa ana bahati yake. Sifa zote alizokuwa akizihesabu nyuma ya cherehani zilimjia kwa mpigo, mbele ya Bibi. Aliona aibu kiasi cha kutamani wanyamaze.

Wakala. Wakaongeza. Bibi naye alikula, maana njaa ni njaa. Walipoanza kunawa, akamwita mjukuu wake akae karibu.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Wiki zote hizo umenisitiri, hakuna aliyeshtuka. Leo ilikuwaje?"

Wote waligeuka kumsikiliza, wamejaa upendo. Fundi alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa fupi, na angeweza kulisema. Angeweza kusema, ulinicheka nikakasirika, nikasimama pale jikoni nikasikiliza maji yako mpaka yakaisha.

"Nilisahau, Bibi."

Bibi akaushika ule mkono wenye alama ya kuungua, akaupigapiga kwa huruma.

"Si kitu, mke mwenzangu," alisema. "Kusahau kupo. Mimi mwenyewe sasa hivi nilikuwa karibu kusahau kama nimepika."