Kiti Alichokalia Sebit

Jumanne asubuhi Ladu aliegesha pikapu nje ya nyumba ya marehemu Konga, mtaa wa Hai Mauna, akaanza kukusanya viti. Vilikuwa mia moja na ishirini, vya plastiki, rangi ya buluu, kila kimoja kimeandikwa MOHAMUD mgongoni. Mohamud ni Msomali aliyehamia Juba kutoka Garissa, anakodisha mahema na viti kwa harusi na kwa bika, ndivyo watu wa Juba waitavyo matanga. Ladu alikuwa mchukuzi wake kwa mwaka wa saba.

Huyu Ladu alikuwa mtu wa peke yake. Alikulia kambini Adjumani, upande wa Uganda, katika darasa la watoto tisini, na mwalimu alikuwa akimwandika hayupo naye yupo dawati la mbele. Msimdhanie kiburi. Watu walimchosha kwa sababu walimwingia. Mtu akipishana naye barabarani na huzuni yake, Ladu alifika nayo nyumbani. Neno aliloambiwa Jumatatu alilitafuna mpaka Ijumaa. Akitoka sokoni ilimbidi alale chali chumbani kwake Hai Cinema, pazia limeshushwa, mpaka wote waliomwingia watoke, mmoja mmoja. Binadamu wa namna hiyo ni wachache, na kazi zinazowafaa ni chache zaidi. Mohamud alimpenda kwa kuwa hakuwahi kuvunja kiti.

Kabla ya kukipachika kiti juu ya mwenziwe, Ladu alikiwekea kiganja. Kiti cha matanga hubaki na kitu cha aliyekikalia, naye alikuwa akikisikia, kama vile wewe unavyosikia joto la sufuria. Humo mlikuwa na mzee aliyekuja kumlilia Konga akajikuta anamlilia mwanawe aliyepotea Malakal. Mlikuwa na mama aliyekunywa chai vikombe vitatu huku akiomba ndani kwa ndani asife kabla ya kupatana na dada yake. Mlikuwa na polisi aliyekuwa akiogopa giza. Jamani, watu wanabeba! Wanakaa wameegemea, wanauliza sukari iko wapi, na chini yao plastiki inasikia yote. Miaka saba ilikuwa haijamzoesha Ladu. Kila mara alisimama katikati ya ua, mdomo wazi, akastaajabia ukubwa wa watu.

Kiti cha mia moja na ishirini kilikuwa kando ya nguzo ya hema. Alikishika, kikakataa.

Alivuta kwa mikono miwili. Aliita wanaume watatu waliokuwa wakikunja hema, wakavuta wote wanne, mishipa ikawatoka shingoni. Kiti hakikusogea hata unywele, na ardhi chini yake haikubonyea. Wakafunga kamba kwenye pikapu. Kamba ikakatika. Mohamud akaja mwenyewe na jeki, akajaribu hadi adhuhuri, kisha akajifuta jasho.

"Hii kiti imejaa," alisema. "Nani alikuwa amekalia?"

Wakamwambia ni Sebit, mdogo wake marehemu, aliyekaa pale siku zote nne akipokea mikono ya wageni. Mohamud akasema basi ataona itakavyokuwa, akaenda kuswali.

Sasa, ukoo ule una desturi yake. Kiti cha kuazima kikiwa bado uani, matanga hayajaanuliwa. Na matanga yasipoanuliwa, haizungumzwi mali ya marehemu, iwe ng'ombe, iwe sufuria, iwe kiwanja. Sebit alikuwa ameshatangaza kwamba siku ya kuanua ataeleza habari za kiwanja cha nyumba ile, na kwamba Teresa, mjane wa kaka yake, ajiandae kurudi kwao Kajo Keji na binti yake Joy. Wazee wakaja, wakakitazama kiti, wakajaribu kukiinua kwa heshima tu, wakasema bado. Wakanywa chai, wakaenda zao.

Bado ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Mvua za Mei zikaja, maji yakashuka kutoka barabarani yakafika kwenye kiti, yakagawanyika pande mbili. Kunguru hawakutua juu yake. Majirani wakipita karibu nacho walishusha sauti, na waliovaa ndala walizivua, ingawa hakuna aliyewaambia. Jioni walikaa kukizunguka kwa mbali kidogo, kimya, na ukimya wenyewe ulikuwa mtamu, hata watoto wachanga walinyamaza. Teresa alifagia ua mpaka kwenye miguu yake. Alipanda bamia ukutani, zikazaa. Joy alisoma, akafanya mtihani wa darasa la nane katika nyumba ya baba yake. Sebit alikuwa akija kila Jumapili, anasimama mlangoni, anakonda.

Ladu naye alikuwa akipita kila alasiri. Kiti kilikuwa kikimwita, na yeye hakujua kulipita jambo. Siku moja Teresa alipokwenda kisimani, Ladu aliingia, akakikalia.

Alikaa kwa muda wa kuchemsha maharage. Mwanzo hakusikia kitu, kisha akausikia uzito ukimpanda kwenye magoti, kifuani, mpaka nyuma ya macho. Akamwona Konga yuko kitandani hospitalini, amempa mdogo wake bahasha mkononi. Kiwanja ni cha Teresa, anasema Konga, nilinunua kwa jina langu kwa pesa ya mboga zake, mpe karatasi yake. Akamsikia Sebit akiapa. Akasikia na yaliyofuata: bahasha ndani ya shati, ofisi ya ardhi, jina moja linafutwa, jingine linaandikwa. Lakini lililomtoa machozi ni kwamba Sebit alimpenda kaka yake. Upendo na wizi vilikuwa vimelala pamoja ndani ya kile kiti, havisogezani, na ndio maana wanaume wanne walishindwa.

Alijifungia chumbani siku tatu. Aliligeuza jambo huku na huku. Alimhurumia Teresa, akamhurumia Sebit, akajihurumia hata yeye mwenyewe, maana kusema mbele za watu kulikuwa kunamtia homa. Mwisho akaona kwamba kweli ikishajulikana na mtu mmoja, akaificha, naye ni mwizi. Hakumwuliza yeyote. Watu kama yeye wakishaamua hivi ndani ya chumba chenye pazia, hawazuiliki.

Jumapili, baada ya kanisa, wazee walikuwa uani, Sebit yuko mlangoni kama kawaida. Ladu akasimama. Akasema yote, tangu bahasha mpaka jina lililofutwa, bila kupandisha sauti. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa maishani, na alipomaliza shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Hakuna aliyeshtuka. Mzee mkubwa alimgeukia Sebit akamwuliza kama ndivyo.

"Ndivyo," alisema Sebit. "Kila neno."

Mzee akauliza kama karatasi ipo. Sebit akasema ipo, lakini ina jina lake sasa, na muhuri umeshapigwa. Wazee wakaichukua, wakaizungusha mikononi, wakauona muhuri. Walimsikitikia sana Teresa, na walisema hivyo, mmoja alilia kabisa. Lakini kuirudia ofisi ya ardhi, walisema, ni safari ambayo ukoo huu haujaiweza hata mara moja.

Wakati huo shangazi mmoja alikuwa akifagia. Alikiinua kiti kwa mkono mmoja ili apitishe ufagio chini yake.

Wote wakamwona. Shangazi akakirudisha, akakiinua tena kwa vidole viwili. Kilikuwa chepesi kuliko vingine vyote, upepo ulitaka kukichukua. Kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimesemwa chote, hakuna kilichobaki. Sebit akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu mazishi, mashavu yake yakajaa pale pale watu wakiyatazama. Akaja akamkumbatia Ladu.

"Asante, ndugu yangu," alimwambia. "Leo nitalala."

Alikuwa anasema kweli. Ladu aliisikia shukrani yake ikimwingia, safi, haina doa, akaogopa. Mzee mkubwa akasema kalas, imekwisha, kiti kipakiwe, matanga yameanuliwa. Kikapakiwa. Kisha wakakaa chini kuzungumzia mali, na kabla chai haijapoa kiwanja kilikuwa cha Sebit, kama karatasi ilivyosema.

Teresa alipewa siku kumi. Siku ya kumi Ladu alikuja na pikapu ya Mohamud kumsaidia kuhama. Teresa alikuwa amepata chumba cha kupanga Mangateen, yeye na Joy. Ladu alipakia kitanda, mapipa, mabunda ya nguo, hakuthubutu kumtazama usoni. Mwishowe akasema malesh, nisamehe, Mama Joy, mimi nilitaka watu wajue.

Teresa alikuwa akichuma bamia za mwisho. Hakuacha.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Konga aliniambia kabla ya kumwambia Sebit. Nilinyamaza kusudi, ile kiti ikae. Ingekaa mpaka Joy aolewe. Wewe unasikia kila mtu, Ladu. Mimi hukunisikia?"

Ladu aliliweka chini bunda la nguo. Ndipo akajua. Mjane hakai kitini siku za bika, hukaa chini juu ya mkeka wake mwenyewe, na mkeka haukodishwi kutoka kwa Mohamud. Kiganja chake kilikuwa kimepita juu ya viti mia moja na ishirini, na chini ya Teresa hakikuwahi kupita.

Mkeka ulikuwa bado umetandikwa kwenye pembe ya nyumba. Akauinamia, akashika ncha. Haukuinuka. Akaweka viganja vyote viwili juu yake, akapiga magoti, na alichokisikia hajakisema kwa mtu hata leo. Joy alikuja akajaribu, akashindwa. Teresa akawaambia wauache, njia za kufika Mangateen ni nyingi sana, na hakuna hata moja ambayo mkeka ule ungepita.

Wakaondoka.

Sebit alijenga vyumba vinne. Mafundi walipofika kwenye ile pembe, walijaribu kuuondoa mkeka, kwanza kwa mikono, halafu kwa mtaimbo, kisha wakamwendea kumwuliza kama wasubiri. Sebit akawauliza wazee. Wazee wakakaa, wakafikiri sana, wakajibu kwamba desturi yao inahusu viti vya kuazima, na habari ya mikeka hawajawahi kuisikia. Zege likamwagwa Jumatano.