Posa ya Kambale

Baba mkubwa Alphonse alifika kwangu Tensta, Sweden, Jumapili moja ya Januari 2011 akiwa bado na suti ya kanisani, akaketi kwenye kiti cha mume wangu bila kukaribishwa, akatangaza kwamba kikao kimefunguliwa. Kikao chenyewe kilikuwa yeye na Obiero. Obiero si ndugu yetu, ni Mkenya wa ghorofa ya chini, ila anajua Kiingereza na hakosi maoni, na kwa baba mkubwa hayo mawili yanatosha kumfanya mtu kuwa mtaalamu.

Aliyekuwa akijadiliwa ni mdogo wangu. Kambale alikuwa Marekani, mwaka wa tatu chuoni, akicheza ule mpira wao wa kuvaa kofia ngumu na kubomoana. Alikuwa mlinzi wa pembeni: mshambuliaji akikimbia kupokea mpira, yeye humganda kama kivuli asiupate. Mwezi wa nne timu za kulipwa zingechagua vijana wa vyuo, na wakala mmoja aitwaye Gregory alikuwa akimshawishi aache masomo, ajitose. Akishajitosa na kumchukua wakala, chuo hakimrudishi tena uwanjani, na ufadhili wa masomo unaishia hapo hapo. Shahada ilikuwa imebaki mwaka mmoja tu. Na mkufunzi wake alikuwa amemwambia bila kuficha: mbio unazo, ila kiuno chako kinachelewa kugeuka, hujawa tayari.

Kambale angeweza kuamua mwenyewe. Lakini baba yetu hakuiona Sweden, na sisi tumelelewa kujua kwamba neno la baba mkubwa likitoka, limetoka. "Dada," aliniambia kwenye simu, "wakisema niende, nitaenda." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe asiende. Mtoto yule nilimbeba mgongoni. Sauti zake nazijua.

"Weka ile video," baba mkubwa aliniamuru.

Video ilikuwa imetumwa na Gregory. Ngoma nzito, na Kambale akiangusha watu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyempita hata mara moja. Hata mimi naweza kuupiga picha ugali wangu upande usio na mabonge.

"Eeh! Muone!" Baba mkubwa alijipiga paja. "Amemulalisha kama muti!"

"Huyu ni wa raundi ya kwanza, mzee," Obiero akasema, mdomo umejaa sambusa zangu. "Hiyo haina maneno."

"Raundi ya kwanza ndiyo nini?"

"Ni ile ya... ya kwanza, mzee. Inakuja kabla ya ya pili."

Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kana kwamba amefunuliwa siri.

Nikamhamishia mwanangu Asifiwe kwenye bega jingine, nikaweka mechi nzima. Nilikuwa nimeshaitazama nikinyonyesha, mimi na mwanangu, yeye akilala, mimi nikiuma kucha. Kipindi cha pili jamaa mmoja mrefu alijifanya anaingia kati, akachepuka pembeni. Kambale alipomaliza kugeuka, yule mrefu alikuwa amekwisha kuudaka mpira na anakimbia peke yake.

"Obiero, si ulisema kazi ya mutoto wetu ni kunyima?" baba mkubwa aliuliza. "Huyu mrefu amenyimwa nini?"

"Ni kamera, mzee. Kamera za Wamarekani zinapotosha."

"Kamera haikuwa ikikimbia, Obiero," nikasema.

"Mama Asifiwe, wewe rudi kwa vitabu vyako vya masomo ya jioni. Michezo tuachie wanaume."

"Wanaume gani? Wewe uliyepumzika mara mbili kwenye ngazi ukija hapa?"

Baba mkubwa alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Kisha akajinyoosha, akaweka mikono magotini, ishara ya kufunga kikao.

"Kambale ataenda," alisema. "Ila munijulishe, ni timu gani imekuja kumuomba?"

Obiero akamweleza: hakuna anayekuja kuomba. Siku ikifika timu zinapanga foleni, zinataja majina, na itakayomtaja ndiyo imemchukua.

"Bila kufika kwetu?"

"Bila, mzee."

Hapo nikauona mlango, nikaupitia na mwanangu begani. "Baba mkubwa," nikasema taratibu, macho chini kama binti mwenye adabu, "kwetu hata mbuzi hachukuliwi zizini bila mwenye zizi kuulizwa. Tena huyo Gregory alisema atapiga saa hii hii. Labda atakuja na mkubwa wake."

Kompyuta ikalia. Kambale alitokea kwenye Skype, mabega yamejaa kioo, na pembeni yake Gregory, kofia kichwani, mguu juu ya meza, akitafuna ubani. Alitupungia vidole viwili.

Baba mkubwa alimtazama kama mtu anayetazama viatu vyenye matope juu ya zulia. "Muulize ni wa ukoo gani. Na mukubwa wake iko wapi."

Obiero akatafsiri huku jasho likimtoka. Gregory akacheka. Yeye hana mkubwa, alisema, anafanya kazi peke yake, na mzee aharakishe maana siku zimekwisha.

"Peke yake!" Baba mkubwa alisimama. "Hana baba, hana mjomba, hana mushenga, anataka mutoto wa watu na kofia kichwani! Mwambie, mutoto wetu hatukumuokota. Amalize shule yake. Wanaomutaka watamukuta mwakani, na waje na wakubwa wao."

"Mzee, hivyo sivyo mambo yanavyo..."

"Tafsiri!"

Obiero akatafsiri. Gregory alitoa mguu mezani, akatoka kwenye picha. Kambale alibaki amekaa, macho yamelowa, akijaribu sana kutocheka mbele ya mkubwa wake. "Ndiyo, baba mkubwa," alisema. Asifiwe alinyoosha mkono, akaushika uso wake kwenye kioo.

Wiki hiyo hiyo kanisa zima lilisikia jinsi timu za Marekani zilivyokuja kuposa, na jinsi Mzee Alphonse alivyozifukuza. Sikusahihisha neno. Nilishapata nilichotaka, wao wabaki na hadithi.

Lakini kuna jambo sijalimaliza. Siku ile, Obiero akiwa ameshashuka, baba mkubwa aliinama mlangoni kwangu kuvaa viatu. Nilimpa sambusa zilizobaki, nimezifunga kwenye karatasi. Alizipokea, akavuta kamba za kiatu, akasema bila kuinua kichwa:

"Olive. Mwambie mutoto arekebishe kile kiuno. Yule murefu alimupita kabisa."